Sauti Katika Kompyuta: Kadi ya Pekee au Ubao Mkuu?

Somo la historia kwa watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

  

Somo letu la leo limetokana na barua. Mwandishi wake ni mtunza fedha wa kwaya. Wanakwaya wamechanga fedha kidogo kidogo kwa muda wa mwaka mzima, wapate kurekodi nyimbo zao kwa kompyuta waliyopewa. Walipojaribu, walisikia mvumo nyuma ya sauti zao, kama nyuki walio ndani ya mzinga. Mtu mmoja akawaambia, "Sauti iliyojengwa ndani ya ubao mkuu wa kompyuta haifai kitu. Nunueni kadi ya sauti ya pekee." Mwingine akawaambia, "Kadi za sauti zilikwisha zamani. Msitupe fedha zenu." Sasa mtunza fedha auliza: nani kati yao ni mkweli? Naye ameongeza neno moja lililonigusa: "Fedha hizi si zangu, ni za watu arobaini."

Ndugu yangu, watu wale wawili walisema kweli, ila kila mmoja alisema kweli ya wakati wake. Ndiyo sababu swali hili, ambalo laonekana kuwa la fundi, nimelifanya kuwa somo la historia. Ukijua kadi ya sauti ilizaliwa kwa haja gani, na haja ile iliondokaje, utajua mwenyewe kama una haja nayo leo.

1. MKALIMANI WA SAUTI

Kwanza tupatane juu ya maneno. Sauti ni mtetemo wa hewa. Mtu akiimba, hewa iliyo mbele ya kinywa chake hutetemeka, na mtetemo ule ukifika sikioni ndipo tunaposikia. Sikio zima la kijana husikia mitetemo kuanzia kama 20 kwa sekunde hadi kama 20,000. Kompyuta, kwa upande wake, haijui mtetemo. Yajua tarakimu tu. Kwa hiyo hapana budi pawe na mkalimani kati yao.

Mtu anaporekodi, mkalimani huyu huupima mtetemo mara nyingi sana kila sekunde, na kila kipimo hukiandika kwa tarakimu. Mtu anapotaka kusikiliza, mkalimani huzisoma tarakimu zilezile na kuzigeuza kuwa umeme wa kuitetemesha spika. Muziki wa sahani za CD, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 1982, ulipimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo kiliweza kuwa katika ngazi yoyote kati ya ngazi 65,536. Kwa nini mara 44,100? Kwa sababu ili mtetemo upate kuandikwa sawasawa, sharti upimwe zaidi ya mara mbili ya wingi wake. Na mara mbili ya 20,000 ni 40,000. Basi CD zilipewa kipimo cha kutosha sikio la binadamu, na ziada kidogo juu yake. Ishike tarakimu hii, maana tutaihitaji mwishoni.

Mkalimani wetu aweza kukaa mahali pawili ndani ya kompyuta. Aweza kukaa juu ya kadi ya pekee, yaani ubao mdogo unaochomekwa katika tundu lake na kung'olewa ukitaka. Au aweza kujengwa moja kwa moja katika ubao mkuu, ule ambao mafundi wetu huuita mazabodi, na ambao sehemu zote za kompyuta hushikana nao. Siku hizi pana mahali pa tatu, nje kabisa ya kompyuta, napo tutapafikia.

2. KOMPYUTA ILIYOKUWA KARIBU NA BUBU

Turudi nyuma hadi mwezi wa Agosti mwaka 1981. Mwezi huo kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta yake ndogo, iliyoitwa IBM PC. Hiyo ndiyo mama wa kompyuta nyingi tunazozitumia leo. Ilikuwa kompyuta ya ofisini, ya kufanyia hesabu na kuandikia barua. Kwa upande wa sauti ilikuwa na spika ndogo tu, iliyoweza kutoa mlio mmoja kwa wakati mmoja. Ukikosea jambo, ilipiga "pii". Basi.

Usidhani ya kuwa kompyuta zote za siku zile zilikuwa hivyo. Mwaka 1982 kampuni ya Commodore ilitoa Commodore 64, kompyuta ya nyumbani iliyokuwa na chipu yake ya muziki ndani, yenye sauti tatu. Mwaka 1984 Apple ilitoa Macintosh, nayo ilikuwa na sauti yake ya kujengwa. Mwaka 1985 ikaja Amiga, iliyoweza kupiga sauti nne zilizorekodiwa, kwa pamoja. Hata IBM wenyewe walijaribu: PCjr, kompyuta yao ya nyumbani iliyoingia madukani mwaka 1984, ilikuwa na sauti tatu na mlio wa kishindo. Lakini PCjr haikupendwa na wanunuzi, na mwaka 1985 iliachwa.

Angalia jambo hili vizuri, maana wengi huligeuza. Wao husema kwamba kadi ya pekee ndiyo ya asili, na sauti ya ubao mkuu ni mwigo wake wa bei nafuu. Sivyo. Sauti ya kujengwa ndani ilikuwako tangu mapema katika kompyuta za watu wengine. Kadi ya pekee ilizaliwa kwa sababu ya upungufu wa kompyuta ya aina moja, nayo ndiyo iliyoenea kuliko zote.

Tena IBM PC ilikuwa na sifa moja iliyoufuta upungufu wake. Ndani yake mlikuwa na matundu matano ya kuchomekea kadi, na IBM walitoa kitabu kilichoeleza ufundi wa kompyuta ile pamoja na michoro yake. Kwa hiyo mtu yeyote mwenye akili na mtaji kidogo aliweza kutengeneza kadi ya kuichomeka humo bila kumpigia mtu magoti. Nyumba ilikuwa na upungufu, lakini mlango wake uliachwa wazi.

3. MWALIMU WA MUZIKI WA QUEBEC

Wa kwanza kuupita mlango ule kwa mafanikio makubwa alikuwa mwalimu wa muziki. Jina lake Martin Prével, aliyekuwa akifundisha muziki katika Chuo Kikuu cha Laval, mjini Quebec, nchini Kanada. Alianzisha kampuni iliyoitwa Ad Lib, na mwaka 1987 kampuni hiyo ikatoa kadi ya muziki kwa ajili ya kompyuta za IBM na zile zilizofanana nazo.

Moyo wa kadi ile ulikuwa chipu ya kampuni ya Yamaha ya Japani. Chipu hiyo ilitumia njia iliyovumbuliwa mwaka 1967 na John Chowning, mtunzi wa muziki aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Yeye aligundua ya kuwa mtetemo mmoja ukifanywa kuyumbishwa haraka na mtetemo mwingine, huzaliwa sauti yenye utajiri kama ya kengele, tarumbeta au zeze. Kwa njia hiyo kadi ya Ad Lib iliweza kupiga sauti tisa kwa pamoja. Kwa mtu aliyezoea "pii" ya IBM, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Lakini kadi peke yake haina faida pasipo programu ya kuitumia. Mwaka 1988 kampuni ya Sierra On-Line ya Marekani ilitoa mchezo wa kompyuta ulioitwa King's Quest IV, wenye muziki uliotungwa kwa ajili ya kadi. Mtu aliyekuwa na kifaa cha Roland MT-32, kilichogharimu zaidi ya dola 500, alisikia muziki mzuri mno. Aliyekuwa na Ad Lib, iliyokuwa rahisi zaidi, alisikia muziki wa kupendeza. Aliyekuwa na spika ya IBM tu alisikia milio. Watu walipolinganisha, walianza kununua. Watengenezaji wengine wa michezo wakaanza kuiandikia kadi ya Ad Lib, na Ad Lib ikawa kipimo ambacho wengine walipimwa nacho.

Sasa hapa pana somo la biashara. Prével hakuunda chipu ile, aliinunua Yamaha. Na kitu ulichonunua wewe, jirani yako naye aweza kukinunua.

4. KIJANA WA SINGAPORE

Jirani huyo alikuwa mbali sana, Singapore. Sim Wong Hoo alizaliwa mwaka 1955. Tangu utotoni alipenda kupiga kinanda cha mdomo, naye alisoma katika chuo cha ufundi cha Ngee Ann hapohapo Singapore. Mwaka 1981 yeye na mwenzake Ng Kai Wa walifungua duka dogo la kutengenezea kompyuta, wakaliita Creative Technology. Mwaka 1986 walitoa kompyuta yao wenyewe iliyoitwa Cubic CT, yenye picha za rangi, herufi za Kichina na sauti. Haikuuzwa vizuri.

Mtu mwingine angekata tamaa. Sim aliitazama kompyuta iliyomshinda, akaona ya kuwa sehemu yake ya sauti yaweza kusimama peke yake. Kwanza wakatoa kadi ya muziki ambayo haikuishinda Ad Lib. Kisha, mwaka 1989, wakatoa kadi nyingine iliyoitwa Sound Blaster. Kadi hii ilikuwa na chipu ileile ya Yamaha; hivyo kila mchezo ulioandikwa kwa ajili ya Ad Lib ulipiga muziki vilevile katika Sound Blaster. Juu ya hayo iliongezwa mambo mawili. Kwanza, iliweza kurekodi na kutoa sauti halisi, kama sauti ya mtu au mlio wa bunduki, ijapokuwa kwa ngazi 256 tu. Pili, ilikuwa na tundu la kuchomekea usukani wa michezo. Zamani mchezaji alilazimika kuinunulia usukani kadi yake; sasa aliipata humohumo.

Mnunuzi hakuhitaji kufikiri sana. Alipewa yote ya Ad Lib na zaidi. Mwaka 1991 ikatoka Sound Blaster Pro, yenye sauti ya pande mbili, kulia na kushoto. Mwaka 1992 ikatoka Sound Blaster 16, iliyoweza kufikia kipimo cha CD. Mwaka huohuo wa 1992 Creative ikawa kampuni ya kwanza ya Singapore kuuza hisa zake katika soko la NASDAQ la Marekani. Na mwaka huohuo Ad Lib ya Quebec ikafilisika.

Ndugu, mwaka mmoja, habari mbili. Mwalimu wa muziki ndiye aliyefungua njia, na kijana wa duka dogo akapita juu yake. Wala si kwa hila: yule wa pili alipokea lugha ya yule wa kwanza, akaizungumza sawasawa, kisha akaongeza maneno yake mwenyewe. Baada ya hapo ulimwengu mzima ulilazimika kuzungumza lugha ya Sound Blaster. Katika miaka ile, mtu aliyenunua kadi ya kampuni nyingine aliuliza kwanza, "Je, yafanana na Sound Blaster?" Kama jibu lilikuwa hapana, michezo yake ilinyamaza.

Basi katika miaka ya 1990 yule aliyemwambia mtunza fedha wetu anunue kadi ya pekee angesema kweli tupu. Bila kadi, kompyuta ya IBM na zilizofanana nayo zilikuwa karibu na bubu. Tena kuiweka kadi hakukuwa kazi rahisi. Mwenye kompyuta alipaswa kuchagua anwani ya kadi, namba yake ya kuiita prosesa, na njia yake ya kupitishia tarakimu, kisha kuzitaja namba hizo kwa kila mchezo. Kadi mbili zikigombea namba moja, kompyuta iliganda. Wengi walikesha usiku wakihamisha vipini vidogo juu ya kadi, wapate kusikia mlio mmoja tu.

5. UBAO MKUU WAMEZA KADI

Anguko la kadi lilianza wakati wa fahari yake. Mambo matatu yalikutana.

La kwanza ni programu ya Windows. Tangu mwaka 1995, kwa Windows 95 na nyongeza zake, michezo ilianza kusema na Windows, na Windows ndiyo iliyosema na kadi. Mtengenezaji wa mchezo hakuwa na haja tena ya kujua lugha ya Sound Blaster. Ukuta uliokuwa ukiilinda Creative ukapata ufa.

La pili ni nguvu za prosesa. Zamani kazi ya kuchanganya sauti nyingi iliichosha prosesa, ikafaa kupewa kadi. Lakini prosesa za mwisho wa miaka ya 1990 zilikuwa na nguvu ya kufanya kazi hiyo bila kutoka jasho.

La tatu ni Intel, mtengenezaji mkubwa wa prosesa. Mwaka 1997 kampuni hiyo ilieneza utaratibu ulioitwa AC'97. Mkalimani wetu alikatwa vipande viwili. Kipande cha tarakimu kiliingizwa ndani ya chipu kubwa ambayo ubao mkuu ulikuwa nayo tayari. Kipande cha kugeuza tarakimu kuwa umeme kiliachwa peke yake katika chipu ndogo ya bei ndogo. Mwaka 1999 chipu za Intel za aina ya 810 zilikuja zikiwa na sehemu hiyo ndani yake. Makampuni kama Realtek ya Taiwan, ambayo nembo yake ni kaa, yakazitengeneza zile chipu ndogo kwa wingi mno. Mnunuzi wa ubao mkuu akapata sauti bila kuiulizia, kama vile mnunuzi wa shati apatavyo vifungo.

Je, sauti ile ya kwanza ya ubao mkuu ilikuwa nzuri? Mara nyingi haikuwa nzuri. Ndani ya kompyuta mna kelele nyingi za umeme, na kama mtengenezaji hakupanga waya zake kwa uangalifu, kelele hizo zilipenya. Ulisogeza puku, ukasikia mchakacho katika spika. Sifa mbaya ya sauti ya ubao mkuu ilianza hapo, nayo ilikuwa ya haki. Lakini sifa mbaya huishi kuliko kosa lenyewe.

Wenye kadi, kwa upande wao, hawakulala. Mwaka 1998 Creative ilitoa Sound Blaster Live!, na kampuni ya Marekani iliyoitwa Aureal ikatoa kadi zenye ufundi wa kumfanya msikilizaji aisikie sauti ikitoka nyuma yake au juu ya kichwa chake. Creative iliishtaki Aureal kwa habari ya hataza. Mwezi wa Desemba mwaka 1999 Aureal ilishinda kesi. Lakini gharama za mawakili zilikuwa zimeimaliza: mwaka 2000 ilifilisika, na mali yake ikanunuliwa na nani? Na Creative ileile iliyoshindwa mahakamani. Mafahali wawili walikuwa wakipigana zizini, na wakati huohuo mwenye zizi, yaani ubao mkuu, alikuwa akilijenga zizi bila wao.

6. MLANGO WAFUNGWA

Mwaka 2004 Intel ilitoa utaratibu mpya wa sauti ya ubao mkuu, uitwao HD Audio, ukaanza kuchukua mahali pa AC'97. Utaratibu huu uliruhusu vipimo 192,000 kila sekunde na sauti za spika nane. Kumbuka tarakimu ya CD niliyokwambia uishike: 44,100. Kwa hesabu, basi, ubao mkuu wa kawaida ulikuwa umeipita CD, nayo CD yalitosheleza sikio.

Creative ikajibu mwaka 2005 kwa kadi ya X-Fi, ambayo chipu yake ilikuwa na transista milioni 51. Ilikuwa kazi ya ufundi wa hali ya juu. Lakini mwezi wa Januari mwaka 2007 Microsoft waliwauzia watu wote Windows Vista, na katika Vista ile njia ambayo michezo mingi iliitumia kuipelekea kadi kazi ya kuchanganya sauti ilikuwa imeondolewa. Kazi ile sasa ilifanywa na prosesa, uwe na kadi au usiwe nayo. Creative walitoa programu ya kuizunguka njia iliyozibwa, lakini mtu wa kawaida aliona ya kuwa kadi yake ya fedha nyingi haina kazi ile aliyoinunulia.

Na Creative wenyewe? Tangu mwaka 1999 walikuwa wakiuza pia vifaa vya kubeba muziki mfukoni. Mwaka 2006 Apple ilikubali kuwalipa dola milioni 100 kwa habari ya hataza iliyohusu vifaa hivyo. Walakini soko lenyewe lilikuwa limekwisha chukuliwa na iPod. Mwaka 2007 Creative iliziondoa hisa zake NASDAQ. Sim Wong Hoo alifariki mwezi wa Januari mwaka 2023. Jina la Sound Blaster halikufa pamoja naye. Lingali likiuzwa, lakini kwa wateja wachache wenye haja maalumu.

Sasa waona kwa nini yule wa pili alimwambia mtunza fedha kwamba kadi za sauti zilikwisha. Hazikukwisha kabisa. Kilichokwisha ni ile haja ya kila mtu kuwa nayo.

7. JIBU KWA MTUNZA FEDHA

Historia yatupa swali moja la kuuliza kabla ya kufungua mfuko: nina upungufu gani ambao kifaa hiki kitauondoa? Mwaka 1989 upungufu ulikuwa wazi: kompyuta ilikuwa bubu. Leo kompyuta yako si bubu. Kwa kusikiliza taarabu, hotuba, filamu na mafunzo, sauti ya ubao mkuu yatosha, na fedha zako zitafanya kazi nzuri zaidi zikinunua spika au hedifoni bora. Mkalimani hodari hawezi kumsaidia mtu mwenye kinywa kibovu.

Lakini kwaya hairekodi kwa masikio tu, na mvumo wao ni wa kweli. Basi nifanye nao kazi hatua kwa hatua. Nawe ufuate kwa kompyuta yako mwenyewe.

Kwanza, tafuta mvumo watoka wapi. Kama kompyuta ni ya mpakato, ng'oa waya wa umeme, rekodi kwa betri. Mvumo ukiondoka, basi ulikuja kwa njia ya umeme wa ukutani au chaja, si kwa kosa la chipu ya sauti, na kadi ya pekee ya kuchomeka ndani isingeuondoa.

Pili, kama kompyuta ni ya mezani, ondoa kipaza sauti katika tundu la mbele, ukichomeke katika tundu la nyuma. Tundu la mbele huunganishwa na ubao mkuu kwa waya upitao katikati ya kelele zote za ndani. Tundu la nyuma limo katika ubao mkuu wenyewe. Mara nyingi tofauti husikika papo hapo, nayo haigharimu hata senti.

Tatu, kama kompyuta imeunganishwa na amplifaya au mashine ya kuchanganyia sauti, zichomeke zote katika soketi za mahali pamoja. Zikichukua umeme kutoka kuta mbili, umeme huweza kuzunguka katika waya za ardhi na kuleta mvumo mzito. Lakini nakusihi sana: usikate waya wa ardhi wa kifaa chochote ili kuuondoa mvumo. Waya ule umewekwa kuilinda roho yako. Wimbo waweza kurekodiwa tena, mtu hawezi.

Nne, kama baada ya hayo mvumo umebaki, au sauti za waimbaji zasikika kwa mbali na kwa mchakacho, hapo upungufu umeonekana. Tundu la kipaza sauti katika ubao mkuu lilikusudiwa mtu mmoja azungumze karibu na kipaza sauti kidogo. Halikukusudiwa vipaza sauti vikubwa vya waimbaji, vinavyohitaji kukuzwa kwa usafi kabla ya kupimwa. Hapo kwaya yahitaji kifaa cha pekee, ila si kadi ya michezo ya kuchomekwa ndani. Yahitaji kile kisanduku cha nje kinachounganishwa kwa waya wa USB, chenye matundu ya vipaza sauti halisi na vifungo vya kuongeza na kupunguza sauti. Hapa ndipo mahali pa tatu pa mkalimani nilipopataja mwanzoni. Amekaa nje, mbali na kelele za ndani ya kompyuta. Na kompyuta ikifa, yeye huhamia kwenye nyingine.

Basi, ndugu mtunza fedha, agizo langu ni hili. Usitoe fedha mpaka umemaliza hatua tatu za kwanza, ambazo ni za bure. Waite waimbaji wawili au watatu wakusikilize unapojaribu, ili masikio yawe mengi. Mvumo ukiondoka, waambie wenzako fedha zao zi salama, mkanunue kipaza sauti kilicho bora. Usipoondoka, nunua kisanduku cha nje cha matundu mawili, wala usione haya. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini hawakusema mtu akalie mbacha uliotoboka.

Nasi tuliobaki tukumbuke yaliyompata mwalimu wa Quebec na kijana wa Singapore. Kila mmoja wao aliona upungufu ambao wakubwa waliudharau, akaufanyia kazi. Kila mmoja wao pia alifikiwa na siku ambayo upungufu ule uliondoka, na aliyekuwa akiishi kwa kuuziba akapata taabu. Mwenye duka, mwenye karakana, mwenye mashine ya kushonea, kila mtu na ajiulize: wateja wangu waja kwangu kwa upungufu gani, nao utakaa hata lini?

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini kadi ya sauti ilizaliwa katika kompyuta za aina ya IBM, wala si katika Commodore 64 au Macintosh?

2. Sound Blaster iliishindaje Ad Lib, ijapokuwa zote mbili zilitumia chipu ileile?

3. Taja mambo matatu yaliyoufanya ubao mkuu uchukue kazi ya kadi ya pekee.

4. Aureal ilishinda kesi lakini ikafilisika. Je, kikundi chenu chajua mfano wa ushindi wa namna hiyo?

5. Kila mmoja ataje chombo kimoja alichokinunua bila kujiuliza kwanza ana upungufu gani. Kilimfaa?

Hapo ndipo mwisho wa somo letu. Kwaherini, ndugu wasikilizaji, mpaka juma lijalo.